Kiambatisho cha Tatu

Walikuja na ramani pana kuliko meza,
wakaitandika juu ya meza mbili zisizolingana kimo,
hata mto wa kuvukwa ukapata ngazi katikati.
Ilikuwa Arusha, ghorofa ya pili, Julai ya ukungu,
Meru haijaonekana tangu Jumapili.
Mimi nilikaa pembeni na taipureta,
karatasi tano, kaboni nne katikati,
nimeshaambiwa: Dada Ndeonasia, wewe husikii,
unachapa tu.

Nikachapa.
Siku ya kwanza, daraja. Siku ya tatu, mji.
Siku ya tisa, mvua ikiruhusu, mji wa pili.
Petroli, madebe elfu sita. Unga. Chumvi. Betri za redio.
Kisha Kiambatisho cha Tatu:
Hasara Inayotarajiwa.

Neno hilo nililijua.
Mama aliuza nyanya Tengeru,
na kila Jumamosi jioni, akishatua tenga,
nilimuuliza: leo hasara kiasi gani?

Kanali alisema mia nne.
Meja, aliyewahi kuuona ule mto kwa macho,
akasema mia sita, na hapo nimepunguza.
Wakavutana kama watu wanaopatana bei ya mbuzi,
chai ikapoa, ikaota utando,
wakakutana kwenye mia tano.
"Namba nzuri," Kanali akasema. "Haina chenji."

Vidole vyangu vilikuwa na baridi.
Nikagonga sifuri moja zaidi.
Elfu tano.
Hakuna aliyegeuka.
Nikachukua kifutio kigumu, kile cha wino,
nikafuta watu elfu nne na mia tano,
nakala baada ya nakala,
nikapuliza vumbi lao sakafuni.
Sijapata kuokoa watu wengi namna ile, wala sitapata tena.
Ila ya juu niliisugua mno, ikatoboka.
Nilipoiinua dirishani, ndani ya tundu la ile sifuri
palikuwa na ukungu mtupu.
Na nakala ya tano ilitoka hafifu sana:
mia tano walisomeka kwa kukisia.

Wavukaji walikuwa elfu nane.
Usiku, chumbani kwangu Ngarenaro, nikagawanya.
Mmoja katika kila kumi na sita.
Hesabu ya darasa la nne, haina hata baki.

Malori yaliondoka Ijumaa.
Mdogo wangu Kaanaeli alikuwa wa lori la pili,
mgambo wa miezi mitatu,
aliyejifunzia shabaha kwa bunduki ya mti kule Usa River.
Waliwapanga chini kwanza, mstari mmoja, arobaini na wanane.
Nikahesabu kutoka kulia.
Kaanaeli akawa wa thelathini na mbili.
Nikaanza upya kutoka kushoto.
Wa kumi na saba.
Nikaiacha hesabu papo hapo, isije ikabadili nia.
"Dada, mbona midomo inakucheza?"
Nikamwambia nasali.

Taarifa ilikuja wakati wa mvua za vuli.
Niliichapa mimi pia, nakala tano.
Mia tatu themanini na saba.
Chini ya makadirio!
Kanali akaagiza kreti ya soda na biskuti za pakiti,
akasimama na chupa yake mkononi:
tumeokoa watu mia moja na kumi na watatu.

Niliomba orodha yao.
"Ya nani?"
Ya hao waliookolewa, afande. Nitafute jina.
Alidhani natania, akacheka,
halafu akanitazama, akaweka chupa chini.

Mama hakuwahi kukadiria.
Alisubiri soko limwagike,
akainamisha tenga, akazitoa zilizooza moja moja,
kila moja akiishika kidogo kiganjani
kabla ya kuitupa.
Sasa hata hilo hafanyi.
Jumamosi anarudi na tenga limefunikwa kanga,
na mimi simuulizi.