Wino wa Forodha

Shika kingoni, Ghaniya. Usiiguse katikati,
kidole kina mafuta, na mafuta hayasahau.
Hivyo. Kama unapokea sinia la halua ya moto.

Hizi zote ni za mtu mmoja, Doran Kell,
mpiga gitaa ambaye hapa Ruwi hakuna aliyemjua
ila mimi na yule fundi redio Mmalabari
aliyekuwa akiniagizia sindano kutoka Bombay,
zimefungwa kwenye pamba kama meno ya mtoto.

Ya kwanza ina mkwaruzo upande wa pili:
gitaa linapanda, linapanda, likikaribia kilele
linateleza, linarudi, linapanda tena
mpaka uinuke uisukume sindano.
Nimezoea. Nikilisikia kwingine likifika
naona kama kuna mtu kasahau jambo.

Ya pili, basi tu. Alikuwa ameoa.

Ya nne ilipinda mwaka ule wa kimbunga,
siku tano bila umeme, mwezi wa sita, Maskati.
Shinuna alifungua friji akaokoa samaki,
mimi nikabeba santuri mpaka bafuni
nikazilaza juu ya vigae kama wagonjwa.
"Wenzio wanaokoa hati za nyumba," akasema.
Kweli. Na hii niliisahau dirishani.
Sasa inazunguka ikiinama, ikiinuka,
kama mzee anayesinzia kwenye hotuba.

Lakini niliyetaka umwone ni huyu. Ya tatu.
Niliinunua Manama, sabini na nane,
kozi ya mitambo imekwisha, dinari mbili mfukoni.
Uwanja wa ndege wa Seeb, afisa wa forodha,
kijana wa rika langu, masharubu hayajakomaa,
akalitazama jalada, akanitazama mimi,
akafungua kalamu nene
akapaka. Taratibu. Akapuliza wino ukauke.
Kisha, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa:
"Karibu nyumbani."

Wino huu una umbo, tazama:
bega hapa, kiuno hapa, paja limelala.
Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu,
chumba cha kupanga, feni moja.
Nikizima taa, gitaa likianza kulia,
nilijua linamlilia nani.
Hata Shinuna alimkuta humu ndani;
akimpangusa vumbi, akimwita
"mke mwenzangu".

Juzi Qahtan kaniletea nakala safi kutoka ng'ambo.
Nikavaa miwani, nikafungua.
Gitaa.
Gitaa la mbao limelazwa kitandani
juu ya shuka jeupe. Basi.
Hapakuwa na mwanamke, hapajawahi kuwa.
Tulimwona wawili tu, mimi na yule kijana,
kila mtu kwa macho yake, dakika ile moja,
na hatukuonana tena.

Wanasema usinunue mbuzi kwenye gunia.
Mimi nilinunua, nikamlisha, nikampa jina,
miaka arobaini na kitu, na siku ya kufungua
kumbe gunia ndilo lililokuwa likilia.
Nilicheka mpaka Shinuna akaja na maji.
Alipoona, yeye hakucheka.
Alilifuta lile la zamani kwa ncha ya leso
akalirudisha mahali pake.

Ile safi ipo pale, ndani ya nailoni.
Tutapiga hii. Teremsha mkono, polepole...
La, usiongeze sauti bado.
Sikiliza kwanza huu mchakacho
kabla hajagusa waya hata mmoja:
mtu anapuliza wino, ukauke.