Sentimita Ishirini na Mbili

Mimi ndiye niliyeujenga ukingo ule
wa barabara ya kwenda hospitali ya Ligula.
Nasema mapema, usije ukaniuliza mwishoni.
Mchoro ulisema sentimita ishirini na mbili.
Nikavuta uzi, nikaweka timazi,
nikamwaga zege, nikalisugua kwa mwiko
hadi mhandisi akapitisha kidole, akasema, "Safi."
Nililipwa. Nikanunua mabati manne.

Mwaka mzima nilipita juu yake
nikiinua mguu bila kujua kwamba nainua.

Halafu msimu wa korosho ukaingia,
malori yakashuka kutoka Newala na Masasi
yameshonwa magunia hadi turubai likapasuka.
Nilikuwa ng'ambo, nakula ming'oko
kwa chumvi na pilipili juu ya kipande cha gazeti,
nikamwona Asumini Nangomwa
na baiskeli yake ya matairi matatu,
ile ya kuzungusha kwa mikono,
anatembea
(ndivyo anavyosema mwenyewe, anatembea)
katikati ya lami, ubavuni mwa magurudumu
yaliyomzidi kimo.

Honi. Honi tena.
Utingo akachomoza kichwa:
"Mama, panda huko pembeni!"
Asumini akasimamisha mikono.
Akautazama ukingo wangu, akamtazama utingo.
"Shuka unibebe, basi."

Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo,
kabla ming'oko haijanikwama kooni.

Usiku nilipima sakafuni kwangu.
Shibiri moja tu, ya mkono huu huu.
Kwangu, hatua.
Kwake, ukuta wa boma.

Tangu hapo nikaanza kuona, na kuona kuna adha yake.
Nikamwona Bwana Likwena, macho hayaoni,
fimbo yake ikidonoa lami, ikidonoa, ikidonoa,
hadi pale mfuniko wa mtaro ulipoibwa,
ikadonoa hewa.
Nikamwona kijana wa maji, madumu kumi na mawili mkokotenini,
akizunguka nusu ya Chikongola
kutafuta mahali pa kupandia.
Na watoto wa darasa la kwanza kando ya lami,
wameshikana mikoba, wanahesabu hadi tatu,
hawavuki,
wanahesabu upya.

Wote walikuwepo tangu zamani.
Mchoro ndio haukuwaona.
Aliuchora mtu aliyekaa,
kwa ajili ya mtu aliyekaa garini, kioo kimepandishwa.
Asumini naye amekaa, lakini hakukaa huko.

Jumapili, adhana ya alfajiri haijaisha,
nikatoka na nyundo, tindo,
na nusu mfuko wa saruji uliobaki kwenye choo cha shemeji.
Sikuomba kibali. Kibali nacho kina ukingo wake.
Nikauvunja kwa mikono yangu, na nakiri iliniuma:
lile zege lilikuwa zuri.
Nikalaza mteremko mpole,
nikauchora mistari kwa ufagio, tairi lisiteleze,
nikaufunika magunia mabichi, nikaurudia kwa maji
asubuhi na jioni, kama mwenye mgonjwa wodini.

Siku ya nne wa kwanza kuupanda alikuwa mbuzi.
Wa pili, kijana wa maji, hata hakupunguza mwendo,
wala hakujua kwamba kuna jambo limetokea.
Asumini alifika saa nne.
Akapanda. Akashuka. Akapanda tena,
polepole, mkono mmoja.
Nilikuwa nimejibanza kwa muuza vocha, nangoja asante.
Akaniita kwa jina, sijui nani alimwambia.
"Fundi Chilumba," akasema,
"na ng'ambo je?"

Jana imekuja barua ya manispaa.
Inamtafuta mtu aliyeharibu miundombinu.
Nimeisoma mara mbili, ina muhuri mzuri.
Nimeitandika chini ya ile robo mfuko iliyobaki,
saruji isile unyevu.