Kilo Tisini

Mimi ni mzito. Naanza na hilo tusije tukateta.
Kule godauni Shimanzi waniita Shehena,
na Jumapili, kiwanja cha Bomu, jezi nambari tano
hunikaba kifua kama mdai aliyeshika risiti.

Beki wa kati. Kazi yangu yajulikana:
kinachokuja kikutane nami, kisha kirudi kilikotoka.
Mipira ya juu yangu. Kona zangu.
Washambuliaji wa Likoni wakiniona
huinama kurekebisha soksi zisizokuwa na kosa.

Kisha Kisauni wakamleta Famau wa Shee.
Miaka kumi na tisa, kilo hamsini na sita,
na hapo pengine walimpima viatu vimeloa.
Miguu kama vijiti vya mishikaki.
Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti.

Mara ya kwanza nilisikia upepo tu.
Mara ya pili niliona nambari mgongoni: saba,
kisha saba ndogo,
kisha saba ndogo zaidi.
Mara ya tatu nilishika jezi, nikabaki na uzi.
Mashabiki juu ya ukuta: "Shehena!
Meli imeng'oa nanga, wewe bado wapakia!"

Watu huuliza kipi bora, mbio au nguvu,
kana kwamba wauliza chai au kahawa.
Nguvu waijua iko wapi. Iko hapa, nimeikalia.
Mbio huwezi kumwonyesha mtu.
Ukizielekezea kidole
umeshaonyesha pale zilipokuwa.

Mchezo wa marudiano nilimngoja na bega.
Halali. Refa mwenyewe alisema halali.
Lakini nilisikia ta, kama njiti ya kiberiti,
na yule kijana akakaa chini akiutazama mkono wake
kama wa mtu mwingine.
Tulishinda moja bila.
Usiku ule pilau haikupita kooni.

Miezi minne baadaye, Jumanne, alfajiri,
nani kasimama langoni mwa godauni akiomba kibarua?
Babake kalazwa, mguu mmoja umeshakatwa.
Nyapara akamtazama, akanitazama,
akacheka vilevile nilivyocheka mimi.

Gunia la maharagwe, kilo tisini.
Alilikimbilia. Ndiyo, alilikimbilia, masikini,
akalikumbatia, likamlaza.
Nikamwambia: Usilipinge. Gunia halina haraka.
Liegemee kwanza, ujue liko wapi,
liache lije lenyewe,
kisha lipe mgongo.

Kufikia adhuhuri nilikuwa na arubaini na moja.
Yeye kumi na tisa, na ametapika mara mbili nyuma ya lori.
Ila akishatua mzigo, kurudi mikono mitupu,
alikuwa bado akikimbia.
Hajui kurudi kwa kutembea, huyu.

Siku ya fainali akanijia kutoka kulia.
Nikasema moyoni, magunia yamemwingia miguuni, leo wangu.
Na kweli alikuwa amepungua. Nilimfikia.
Tulikwenda sambamba, bega kwa bega,
na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake akiwa mbioni:
ameuma ncha ya ulimi, kama mtoto anayejifunza kuandika.
Nikalikumbuka lile ta.
Nikamsukuma hata hivyo.

Hakupinga.
Aliniegemea, akajua niko wapi,
akaniacha nije mwenyewe, mimi na kilo zangu zote,
kisha akanipa mgongo.

Vumbi la Bomu lina chumvi kidogo. Sikuwa nikijua.

Jumatatu tukapanga foleni, yeye mbele, mimi nyuma.
"Haya, nani alishinda?" nyapara akauliza.
Famau akatazama viatu vyake.
Nikasema, "Andika majina, bwana. Lori limefika."