Tarehe Ishirini na Tano

Nakasero, ghorofa ya kumi na moja:
umeme ukikatika, jenereta hudaka mzigo
kabla sijapepesa jicho.
Hapa hakuna kinachozimika,
nami pia naachwa nikiwaka.

Miaka sita nalinda mtambo uleule.
Nikibadili mstari mmoja wa msimbo
sharti waidhinishe watu wanne,
na mmoja wao daima yuko likizo.

Ankunda amepanga chumba Kamwokya, juu ya kibanda cha chapati.
Umeme ukikatika kwake, umekatika.
Gizani akaniambia, "Njoo. Asilimia nne ni yako,"
nne ya kitu kisichojilipia hata kodi ya chumba.
Nikacheka. Naye akacheka, ila si sana.

Jumamosi tukaenda Kiruhura na kifaa chake,
kipimajoto cha tangi la maziwa,
tumekifunga kwa mpira wa baiskeli.
Saa tisa usiku kikampigia simu Tumwebaze.
Akatoka na blanketi begani, akawasha mashine,
lita mia nane zikapona.
Alfajiri alinijazia kikombe. Hakuniuliza cheo.

Lakini mama husafishwa damu Jumatatu na Alhamisi
kwa kadi ya bima yenye nembo ya kampuni.
Hisa, Ankunda, hazisafishi damu.

Barua ya kuacha kazi niliiandika zamani, kurasa mbili.
Kila tarehe ishirini na tano naifungua,
simu inalia, mshahara umeingia,
nafuta sentensi moja.
Zimebaki salamu, tarehe,
na jina langu.