Tatu Yenye Pengo

Usiniambie bei uliyoinunulia. Zima redio kwanza,
fungua boneti, kisha nipishe mwanga.

Huku Shimanzi, nyuma ya maghala ya chai,
watu huniletea injini kama wapelekavyo mkojo maabara:
aibu kidogo, matumaini mengi.
Leo ni Pijo 404, nyeupe ya maziwa.
Bwana Murtaza Kapasi kasimama mlangoni, hanchifu puani;
mnunuzi wake yuko Nairobi, anangoja karatasi yangu.
Namba zikiwa za kiwandani, bei ni ile.
Zisipokuwa, nusu yake, na kusihiwa juu.

Natia mafuta ya taa kwenye tambara, nafuta polepole.
Msasa hauingii hapa. Msasa ni mwizi,
huondoka na ushahidi nawe ukadhani umesafishiwa.

Wengine hutazama namba. Mimi hutazama palipo wazi,
chuma kilichobaki kati ya namba na namba.
Kule kiwandani mashine ililisawazisha paji la bloku
ikaacha mistari, myembamba kama njia za kitana
kwenye nywele zilizotiwa mafuta.
Namba ikagongwa juu yake. Kwa hiyo mstari
hufika ukingoni, ukatumbukia,
ukaibukia ng'ambo ya pili.
Ukikuta paji laini kama sahani ya kikombe, jiulize
nani alilinyoa.

Halafu kutu. Chumvi ya Kilindini haibagui,
miaka hamsini huingia hadi chini ya shimo.
Kutu ya kweli ni kahawia, imeota mizizi;
ile ya kupikwa kwa tindikali wiki iliyopita
ina rangi ya chungwa, hutoka kwa ukucha.

Na namba zikinyooka mno ndipo nisipolala.
Aliyegonga za kweli alikuwa na injini tele mbele yake
na njaa ya mchana tumboni;
mkono uliteleza, sita ikaegemea sifuri
kama mlevi na rafikiye.
Mwongo ndiye hupiga rula.

Hizi hazikunyooka. Nikaanza kufurahi.
Kutu imekomaa. Nikafurahi zaidi.
Mistari haipo.

Nikasogeza lenzi.
Tatu ya mwisho ina pengo:
kwenye tumbo la chini, kijisehemu hakikuuma chuma,
kama jino lililong'oka.

Naijua tatu hii.

Imo kwenye droo yangu, katika kopo la maziwa ya unga,
seti ya vyuma tisa (sita ukiipindua ni tisa)
aliyoniachia baba, Athmani Mwinyikai, fundi wa karakana ya reli.
Nilikuwa na miaka saba nilipoidondosha sakafuni.
Kofi moja. Kisha akaendelea kuitumia vivyo hivyo,
maana seti mpya ilikuwa mshahara wa mwezi.

Nikaenda nikaichukua. Nikaigonga kwenye kipande cha risasi,
nikaweka lenzi huku, nikaweka kule.
Pengo kwa pengo.
Kikulacho, walisema, ki nguoni. Changu ki droo.

Labda ilikuwa teksi, bloku imepasuka,
mwenyewe ana watoto na ukaguzi ni kesho asubuhi.
Labda alilipwa tu, akanunua nyama, nami nikaila.
Chuma hakisemi kwa nini.
Husema lini, na kwa mkono gani.

"Vipi, Bi. Mwanakombo?"

Nikaandika: *Paji limenyolewa. Namba zimegongwa upya,
si za kiwandani. Kazi ya zamani, mkono mwangalifu.*

Bwana Murtaza akasoma mara mbili, jasho limemtoka.
"Una hakika?"
"Ninayo."
"Wengine wangeniandikia vingine."
"Wapo. Ukivuka barabara tu."

Ada yake nikaikataa, hakuelewa,
akadhani namwonea huruma.

Nikaiomba ile karatasi kabla hajaikunja.
Nikakata neno moja, *mwangalifu*,
kwa sababu hilo halikuwa kwenye chuma.