Viatu Havikuloa

Taa za ukumbi zikawashwa, sote tukapepesa macho
kama kuku waliofunuliwa tenga.
Projekta bado inahema. Shuka ukutani jeupe tena,
mikunjo yake tu.

Wa kwanza kusema ni Merle Schatz, kama kawaida:
"Vifungo vya koti lile si vya kikosi kile.
Na saluti gani hiyo?
Mkono unapanda kama lifti mbovu."
Kisha akatoa leso, akapenga kwa kishindo,
akailaumu baridi.

LaVonne alikuwa analia tangu uwanja wa ndege,
pale abiria walipobaki vitini, kofia magotini,
jeneza likiteremka peke yake kwenye mkanda.
"Watu wema bado wapo. Mmeona? Wapo."
Dwight, aliyepakia mizigo Bismarck miaka kumi na tisa,
akachovya biskuti katika kahawa iliyopoa.
"Sisi ndege tulikuwa tunapewa dakika ishirini.
Tulisimama, ndiyo. Nusu dakika hivi.
Halafu yakafuata masanduku ya watu waliotoka kucheza kamari."
Hakuna aliyecheka. Naye hakukusudia kuchekesha.

Kijana wa akina Opp, darasa la tisa,
aliuliza kama kazi ya kusindikiza huombwa au hupangwa.
Mama yake akamshika ukosi wa shati, kimya,
asiuachie mpaka mlangoni.

Mimi nilikuwa namwangalia mama.

Hakulia. Aliketi na pochi mapajani,
kidole juu ya kifungo chake,
kama anayesubiri kuitwa dirishani.
Filamu nzima kanali yule, mrefu, sauti nzito,
anamrudisha mtoto wa watu nyumbani,
na maneno aliyowaambia wazazi sebuleni
yamepangwa kama vyombo vya wageni kabatini.

Wa kwetu alikuwa koplo. Renteria. Miaka ishirini na moja.
Katokea El Paso, hajawahi kuona theluji ya kufika kiunoni.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu;
huyu alikuja na Tyrel ndani ya sanduku
na hotuba aliyoikariri, akaisahau katikati,
akauliza choo kiko wapi.
Alikaa humo robo saa, bomba likitiririka.
Alipotoka mama akampa viazi na nyama,
akala, akaongezewa, akala,
na kwa kuwa barabara ya hotelini ilizibwa
akalala kitandani kwa Tyrel, juu ya blanketi, na soksi zake.

Asubuhi viatu vyake vya gwaride,
vya kung'aa hata ungejinyolea ndevu humo,
viliteleza ngazini mara mbili.
Mama akaingia stoo, akatoka na buti za Tyrel za shambani,
tope la Oktoba limekaukia kwenye soli.
"Vaa."
"Siwezi, mama."
"Vaa. Utaanguka mbele ya mwanangu."

Zilimtosha.
Akasimama kaburini ndani ya buti za anayezikwa,
na filimbi ya upepo ikapiga bila kupangiwa.

Aprili zikarudi kwa posta,
zimesokomezwa magazeti zisipoteze umbo.
Zimepigwa kiwi. Soli zimesuguliwa kwa brashi
hadi ndani ya mifereji yake, hakuna hata chembe.
Hapo ndipo mama alipolia. Makaburini hakulia,
wala bendera ilipokunjwa pembe tatu akakabidhiwa.
Alilia jikoni, sakafuni, buti kifuani:
"Ameliosha tope lote.
Mtoto mwema yule, ameliosha lote."

Tukiwa tunakunja viti, Merle akamsogelea, kofia mkononi.
"Ardith. Wewe umeionaje?"
Mama akafungua pochi, akaifunga, ikalia ta!
"Nzuri," akasema. "Nzuri sana.
Ila yule bwana,
Januari, theluji yote ile,
na viatu vyake havikuloa."