Kona ya Milimita Nne

Mvua ya Elgoibar hainyeshi, inachuja tu.
Tangu alfajiri imechuja juu ya bati la karakana,
na mimi nimesimama mbele ya droo iliyo wazi
kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

Mfuko una kina cha milimita tisini.
Kona zake, mchoro unasema, nusukipenyo nne tu.
Bonge la alumini ngumu, zito kama mtoto wa miezi mitatu,
na mawili ya kabla yake yamelala chini ya meza,
kuta zao zimekwaruzwa mawimbi mawimbi.

Ibon, muuza vichongeo, aliniachia kirefu kuliko vyote.
"Hiki kinafika," alisema, akakigonga kwa ukucha.
Ndiyo, kinafika.
Hata mwanzi wa kuangulia matunda hufika.
Kufika si kukata.

Hesabu hii niliilipia karo:
ongeza urefu robo, mpindo unakuwa maradufu;
punguza unene, na hapo usiulize.
Cha milimita nane, kikichomoza mara kumi na moja ya unene wake,
si kisu tena, ni unyasi.
Nilikisikia jana. Kwanza kimya,
kisha kilio chembamba kilichonipita kwenye jego,
na Eneritz, mashine ya pili, akainua kichwa
asiseme neno.
Afadhali angesema.

Leo navipanga juu ya kitambaa.
Hiki kina makali mwili mzima, toka nchani hadi shinani:
kinapendeza, lakini kila mtaro ni nyama iliyochimbwa,
na kilichochimbwa sana hakina uti.
Hiki kingine kina meno matatu, mafupi, ya nchani tu,
kisha shingo iliyonyolewa kidogo, kidogo mno,
isiparuze ukuta inaposhuka,
na shina nene linalorudi kwenye kishikio.
Mdomo mdogo, mgongo wa punda.
Meno matatu, si manne: alumini inataka nafasi,
machicha yake yakikosa njia hurudi kutafunwa upya,
hulainika, huganda mtaroni kama uji uliosahauliwa jikoni.

Ndicho hiki.
Ila hiki ni cha kumi na mbili, na kona inataka nane.

Basi nikatafuta ambacho hakimo kwenye droo.
Nikampigia Garbiñe kule Donostia, aliyechora.
Alikuwa na sauti ya mtu anayepanda ngazi.
"Kona ile ya nne," nikasema, "ina kazi gani?"
Kimya. Nikasikia kipanya kikibofya.
Ni kisanduku cha kupimia mawimbi, kitaning'inia chini ya boya;
ndani mtakaa bodi ya umeme, na bodi imeviringwa pembeni.
"Haina," akasema. "Niliweka nne kwa sababu…
niliweka nne."
Kisha, taratibu: "Hakuna aliyewahi kuniuliza."
Saba?
Saba.

Mabonge mawili, siku tatu, na usingizi wa Jumanne nzima
kwa ajili ya namba isiyo na mwenyewe.

Nikatanguliza kifupi kinene, kikala hadi nusu ya kina,
maana kirefu hakitumwi
mahali ambapo kifupi kinajiweza.
Kisha nikapasha moto kishikio, kikafumbata shina kilipopoa.
Nikaacha nje tisini na tatu. Si mia.
Nikapunguza mwendo, nikafungua hewa,
machicha yakaruka meupe, makavu, hayana deni.
Sauti ikawa ya kitambaa kinachochanwa polepole.
Eneritz hakuinua kichwa.

Ukuta umebaki na alama moja, karibu na sakafu,
nilipokohoa mimi au ilipokohoa mashine, sijui.
Jicho haliioni, kidole kinaiona.
Nitamwambia mkaguzi kabla hajauliza.

Bonge la kwanza, lile bovu, nimelipeleka nyumbani.
Mama mkwe anawekea vitunguu saumu.
Anasema linamfaa sana,
ila kona zake ni finyu mno kusafisha.